Nani Alimpima Ng'ombe Wetu?

Pale Nairobi, kwenye kituo cha Mazingira cha ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, vipo vyumba vilivyojengwa kwa ajili ya ng'ombe mmoja mmoja. Ng'ombe huingizwa, mlango hufungwa, hewa hupitishwa upande huu ikatokea upande ule, na mitambo husoma kilichomo katika hewa inayotoka. Anakula, analala, anacheua, anabeua. Kila anapobeua, methani kidogo, gesi inayopasha dunia joto, hupita kwenye mrija na kuandikwa. Baada ya siku chache watafiti wanajua, kwa gramu, gesi iliyotoka kwa ng'ombe yule aliyekula majani yale.

Huyo ni mmoja. Tanzania peke yake ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, na wengi wao hawajawahi hata kusimama juu ya mizani, sembuse kufungiwa chumbani. Hata hivyo, kila nchi iliyoingia kwenye mkataba wa tabianchi inatakiwa kuwasilisha hesabu ya gesijoto zake, na ya mifugo imo. Anayeijaza hesabu hiyo kwa niaba ya ng'ombe wote hao ni modeli ya kompyuta.

Modeli hizi zinagusa maisha ya watu ambao hawajawahi kuzisikia. Kwa kuzitazama, wafadhili huamua mradi upi upewe fedha, na serikali huamua nani aambiwe apunguze mifugo yake. Ndiyo maana naona kila mfugaji, na kila anayekunywa maziwa, anastahili kuelewa zinavyofanya kazi. Nami naweka wazi msimamo wangu mapema: kwa muda mrefu ng'ombe wa Afrika Mashariki amehukumiwa kwa vipimo ambavyo havikuchukuliwa kwake. Sisemi kwamba hachafui hewa. Anachafua. Nasema apimwe yeye mwenyewe, alipo, kwa majani anayokula.

Hesabu ya mstari mmoja

Jopo la kiserikali la mabadiliko ya tabianchi, IPCC, limezigawa njia za kuhesabu katika ngazi tatu. Ya kwanza ni rahisi mno: chukua idadi ya ng'ombe wa nchi, zidisha kwa nambari iliyokwisha kuandikwa kwenye mwongozo, basi. Katika mwongozo wa mwaka 2006, kila ng'ombe asiye wa maziwa wa Afrika na Mashariki ya Kati alipewa kilo 31 za methani kwa mwaka. Dume la Boran la Laikipia, ndama wa Shinyanga anayenyonya, maksai anayelima Iramba, wote wanamezwa na wastani huo mmoja. Mwaka wa neema ni 31. Mwaka ambao ng'ombe wamelala chini kwa ukame na hawanyanyuki, ni 31.

Nambari hiyo haikutungwa kwa ubaya. Ilipoandikwa, vipimo vilivyofanywa kwa ng'ombe wa Afrika vilikuwa vya kuhesabika, na nchi isiyo na takwimu ilihitaji pa kuanzia. Tatizo ni kile ambacho hesabu ya namna hii haiwezi kukiona. Tuseme mfugaji wa Njombe amepanda majani ya Napier, amevuna mabua akayahifadhi kwa ajili ya kiangazi, ametibu minyoo, na ndama wake hawafi tena. Kwenye daftari la taifa hakuna kilichobadilika. Kama kizidishi hakibadiliki, njia pekee ya kushusha jibu ni kupunguza idadi ya vichwa. Kwa hiyo modeli yenyewe, kwa ukimya wake, inakuwa imeshatoa ushauri: punguzeni mifugo. Na watu wameusikia ushauri huo kana kwamba umetoka kwenye sayansi, kumbe umetoka kwenye ufupi wa hesabu.

Kumjenga ng'ombe kwa nishati

Ngazi ya pili ndiyo yenye utamu. Hapa unamjenga ng'ombe ndani ya kompyuta kwa kufuata nishati: kiasi anachoingiza, kinakokwenda, na kinachopotea kwa kubeua.

Tufanye hesabu pamoja, haihitaji zaidi ya kikokotoo cha simu. Chukua ng'ombe jike wa asili mwenye kilo 220. Tuseme anakula kilo 5.5 za majani kwa siku, zikihesabiwa baada ya kuondoa maji yote yaliyomo. Kilo moja ya majani makavu hubeba nishati ya megajuli 18.45 hivi, basi ameingiza megajuli 101 na ushee. Si zote zinamfikia yeye. Katika tumbo lake la kwanza kuna vijidudu vinavyovunja nyuzi za majani, kazi ambayo wewe na mimi hatuiwezi, na ujira wa kazi hiyo ni methani. Mwongozo wa 2006 unakadiria kwamba asilimia 6.5 ya nishati ya chakula hupotea hivyo, yaani megajuli 6.6 kwa siku. Kilo moja ya methani ina megajuli 55.65. Gawanya, kisha zidisha kwa siku 365: kilo 43 kwa mwaka.

Sasa mpunguzie chakula. Badala ya kilo 5.5 apate kilo 4, kama ng'ombe wengi wanavyopata Agosti hadi Oktoba. Rudia hesabu ile ile na utapata kilo 31 na kidogo. Kilo moja na nusu ya majani ndiyo inayotofautisha 31 na 43, tofauti ya zaidi ya theluthi, na ukiizidisha kwa ng'ombe milioni 30 utaona uzito wa kukosea kitu kidogo kama hicho.

Lakini ng'ombe wa machungani anakula kilo ngapi? Hakuna anayemfuata porini na mizani. Kwa hiyo modeli hurudi kinyumenyume. Inauliza: ana uzito gani, ameongezeka au amekonda tangu msimu uliopita, anatoa maziwa kiasi gani, ana mimba, anatembea kwa kiasi gani? Kutokana na majibu hayo hukokotoa nishati anayohitaji, na kutoka kwenye nishati hukisia chakula alichokula. Hata kutembea kuna namba yake: ng'ombe anayefugwa bandani hupewa sifuri, anayelisha kwenye malisho ya karibu 0.17, na anayezunguka eneo kubwa 0.36. Namba hiyo ya mwisho ina maana kwamba kwenda na kurudi machungani kunadai nishati ya ziada inayozidi theluthi moja ya ile inayomweka hai. Mchungaji anayevuka mbuga kutafuta maji analijua hilo kwa miguu yake. Modeli imelijua kwa desimali mbili.

Watafiti wa ILRI walipoifanya kazi hii Nyando, magharibi mwa Kenya, kisha Nandi, hawakutegemea takwimu za makabati. Walikwenda kwenye boma za wakulima wadogo, wakapima ng'ombe uzito tena na tena kupitia misimu, wakachukua majani na kuyapeleka maabara. Vizidishi walivyovipata vilitofautiana na vya mwongozo, na vilitofautiana pia kati ya jike na dume, kati ya mkubwa na mdogo, kati ya eneo la chini na la juu. Hilo ndilo nililotaka kuliona. Kenya sasa inaitumia ngazi hii ya pili kwa hesabu ya ng'ombe wake wa maziwa.

Kuna jambo moja katika kazi za kituo kile ambalo limenikaa moyoni. Waliwapa madume ya Boran chakula kidogo, chini ya kiwango cha kuuweka mwili ulivyo, wakawaingiza kwenye vile vyumba. Gesi yote kwa jumla ilipungua, kama ilivyotarajiwa, kwa sababu walikula kidogo. Lakini methani kwa kila kilo ya chakula iliongezeka. Ng'ombe mwenye njaa anakitumia vibaya hata kile kidogo anachokipata. Modeli nyingi huweka ile asilimia 6.5, au nambari nyingine ya jirani, na kuiacha palepale mwaka mzima, wakati ng'ombe wa Longido au Kajiado anapita kwenye njaa ya namna hiyo karibu kila kiangazi.

Ngazi ya tatu nitaipitia haraka. Huko modeli huingia ndani ya tumbo lenyewe: kasi ya kumeng'enywa kwa kila sehemu ya jani, muda chakula kinaokaa tumboni, aina za asidi zinazozalishwa. Ni kazi nzuri sana pale penye maabara na takwimu za kuilisha. Kwa nchi nyingi za Afrika bado ni kazi ya watafiti zaidi kuliko ya wizara.

Mkojo, samadi, na boma

Gesi ya pili inayoandamana na mifugo ni oksidi ya nitrasi. Hutoka pale nitrojeni ya mkojo na samadi inapoingia kwenye udongo na kuchezewa na bakteria. Ni kidogo kwa uzito lakini kali: kilo moja hupasha dunia joto kama kilo 273 za kaboni dioksidi kwa kipimo cha miaka 100.

Mwongozo wa 2006 ulisema kwamba katika kila kilo 100 za nitrojeni ambazo ng'ombe anaziacha malishoni, kilo 2 hugeuka kuwa nitrojeni ya gesi hiyo. Kisha watu wakaanza kupima. Huku kwetu, vipimo vya kinyesi cha ng'ombe kwenye nyasi za Kenya vilionyesha kiwango kilicho chini sana ya hicho. Sababu ukiijua inaingia akilini mara moja. Ng'ombe anayekula majani makavu yasiyo na protini nyingi hana nitrojeni nyingi ya kumwaga, na hata hiyo aliyonayo sehemu kubwa hutoka na samadi, ambayo huiachia polepole, badala ya mkojo. Nambari ya asilimia 2 ilikuwa na harufu ya malisho mabichi yaliyowekwa mbolea, mbali na hapa. IPCC ilipoufanyia marekebisho mwongozo wake mwaka 2019, ikaishusha hadi asilimia 0.4, na kwa maeneo makavu 0.2. Gesi iliyokuwa ikihesabiwa kwa mifugo ya maeneo makavu ikashuka mara kumi, na hakuna ng'ombe aliyebadilisha chochote.

Ningeishia hapo, makala hii ingekuwa ya utetezi. Ila upimaji ukiwa wa haki hukata kotekote. Mwaka 2020 watafiti walichapisha vipimo vilivyochukuliwa kwenye maboma ya wafugaji nchini Kenya. Wafugaji hulisha mchana mbugani na kuirudisha mifugo bomani usiku, hivyo nitrojeni ya eneo kubwa hukusanywa kila jioni na kurundikwa mahali padogo. Samadi hukaa miaka, tabaka juu ya tabaka. Waligundua kwamba hata miaka 40 baada ya kuhamwa, boma bado hutoa oksidi ya nitrasi karibu mara kumi kuliko mbuga inayolizunguka. Chanzo hicho hakikuwa na safu yake kwenye daftari lolote. Modeli zilizokuwa zikimzidishia ng'ombe makosa mbugani zilikuwa hazimwoni kabisa anapolala.

Nani abebe mzigo wa maziwa

Hadi hapa tumehesabu gesi kwa ng'ombe. Wengi wanaoandika kuhusu mifugo na tabianchi huhesabu gesi kwa lita ya maziwa au kilo ya nyama, na hapo ndipo wafugaji wetu huonekana wabaya zaidi duniani. Ripoti ya mwaka 2010 ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, iliweka wastani wa dunia kuwa kilo 2.4 za kaboni dioksidi kwa kila kilo ya maziwa, gesi zote zikiwa zimegeuzwa kuwa kipimo hicho kimoja. Amerika Kaskazini ilipata 1.3. Afrika kusini mwa Sahara ilipata 7.5.

Hesabu yenyewe haina hila. Mfano wa kubuni: ng'ombe wa kwanza anatoa kilo 45 za methani kwa mwaka na lita 500 za maziwa. Wa pili anakula zaidi, anatoa kilo 90 za methani, lakini anakamuliwa lita 3,000. Kwa kila ng'ombe, wa pili ndiye mchafuzi mara mbili. Kwa kila lita, wa kwanza ndiye mchafuzi mara tatu. Wote wawili wamehesabiwa sawasawa. Kilichobadilika ni swali. Na kweli, palipo na soko, lishe na daktari wa mifugo, kuinua maziwa kwa kila ng'ombe ni jambo jema kwa mfugaji na kwa hewa, mradi tu mfugaji asiongeze kundi kwa faida aliyoipata. Modeli haiwezi kumchagulia hilo.

Ila nakuuliza wewe uliyekulia kwenye nyumba yenye ng'ombe: ng'ombe yule alikuwa wa maziwa tu? Samadi ilikwenda wapi, kama si kwenye migomba na mahindi? Ada ya shule ilipochelewa, aliuzwa nani? Mahari ilihesabiwa kwa nini? Ukimpeleka ng'ombe kwenye modeli na kumuuliza maziwa pekee, mzigo wote wa gesi unaangukia kwenye maziwa.

Watafiti kadhaa walilijaribu swali hili kwa wafugaji wadogo wa Kaptumo, Nandi, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2014. Walipougawa mzigo kati ya maziwa na nyama pekee, kilo moja ya maziwa ilibeba kilo 2.0 kwa kipimo hicho hicho cha kaboni dioksidi. Walipoingiza thamani ya samadi, na ya ng'ombe kama akiba na bima ya nyumba, ikashuka hadi 1.6. Walipowauliza wafugaji wenyewe ng'ombe wana umuhimu gani katika maisha yao na kugawa kwa uzito wa majibu hayo, ikafika 1.1. Ng'ombe ni wale wale, majani ni yale yale, gesi iliyopanda angani ni ile ile. Sijui mfano mwingine unaoonyesha vizuri zaidi kwamba ndani ya modeli, pamoja na fizikia na baiolojia, kuna uamuzi wa mtu kuhusu kitu gani kina thamani.

Asilimia 18, 14.5, 12

Huenda umewahi kuzisikia namba hizi. FAO ilisema mwaka 2006 kwamba mifugo inasababisha asilimia 18 ya gesijoto zinazotokana na binadamu, kuliko hata vyombo vya usafiri. Mwaka 2013 ikasema 14.5. Mwaka 2023, kama 12. Mtu anaweza kudhani ng'ombe wamekuwa wakijirekebisha.

Tazama tani badala ya asilimia. Ripoti ya 2006 ilikuwa na tani bilioni 7.1. Ya 2013 ilikuwa na tani bilioni 7.1 vilevile. Asilimia ilishuka huku tani zikibaki pale pale, kwa kuwa jumla ya dunia ambayo mifugo iligawanywa kwayo ilikuwa nyingine. Ya 2023, iliyohesabu mwaka 2015, ilipata bilioni 6.2 kwa toleo jipya la modeli. Kwa hiyo kuziweka namba hizi tatu kwenye mstari mmoja na kuchora mteremko ni kosa.

Modeli iliyotumika tangu 2013 inaitwa GLEAM. Huigawa dunia kwenye miraba midogo kama ubao wa drafti, na kila mraba huwekwa mifugo, aina ya malisho, joto na njia ya kuhifadhi samadi. Ndani ya kila mraba kundi huzaa, hukua, huchinjwa na kufa. Ndipo inapokokotoa chakula, gesi na mazao. Kwa picha ya dunia nzima ni kazi ya kuheshimika. Kwa kijiji kimoja cha Monduli, inajua kile tu ambacho wengine wameilisha.

Na ile kauli ya kuyazidi magari ilikuwa na kasoro iliyokuja kukubaliwa na mmoja wa waandishi wa ripoti yenyewe. Kwa mifugo walihesabu kila kitu: msitu uliokatwa, mbolea ya mahindi ya kulishia, samadi, kiwanda. Kwa usafiri walihesabu mafuta yanayoungua tu, bila chuma cha gari wala barabara. Ulinganisho huo ulikwisha kusambaa dunia nzima, na hadi leo hukosi mtu wa kuurudia.

Kuna jambo lililo chini ya namba zote hizi, nalo ni namna methani inavyogeuzwa kuwa kaboni dioksidi ili vijumlishwe. Miaka ya 1990 kilo moja ya methani ilihesabiwa kama 21 za kaboni dioksidi. Baadaye 25, kisha 28, na sasa 27 kwa methani ya viumbe hai, zote kwa kipimo cha miaka 100. Ukichagua miaka 20 badala yake, inaruka hadi karibu 80. Methani hukaa angani kama miaka 12 ikaisha. Kaboni dioksidi ya petroli hubaki karne nyingi. Kundi la ng'ombe ambalo idadi yake haijaongezeka kwa miongo kadhaa huweka methani mpya mahali pa ile inayoondoka, na hilo ni tofauti sana na gari linaloongeza ukaa juu ya ukaa wa jana. Kipimo cha kawaida hakiioni tofauti hiyo.

Maji nayo yana namba yake maarufu: lita 15,400 kwa kilo moja ya nyama ya ng'ombe. Inatisha, hadi ufungue ndani yake. Asilimia zaidi ya 90 ni mvua iliyonyesha juu ya majani na mazao ya kulishia. Mvua iliyoangukia nyika ya Simanjiro isingeweza kuingia kwenye bomba la mtu hata kama pale pasingekuwa na ng'ombe hata mmoja.

Usangu

Nimeacha kisa kinachonigusa zaidi hadi sasa, na hiki kinahusu maji ya kweli, ya mtoni.

Mto Ruaha Mkuu hupita bonde la Usangu, wilayani Mbarali, huingia kwenye ardhioevu ya Ihefu, hutokea kwenye kingo ya mwamba pale Ng'iriama, na kuendelea kupitia Hifadhi ya Ruaha hadi bwawa la umeme la Mtera. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 mto ulianza kukauka ndani ya hifadhi kila kiangazi. Viboko wakarundikana kwenye madimbwi. Umeme ukawa wa mgao. Kidole kikaelekezwa kwa wafugaji na mifugo yao, na mwaka 2006 na 2007 maelfu yao wakaondolewa na makundi yao kupelekwa mbali, hata Lindi. Malalamiko kuhusu operesheni yenyewe yalikuwa mazito kiasi kwamba Rais Kikwete aliunda tume kuyachunguza.

Kabla ya operesheni hiyo, utafiti ulikuwa umeshafanyika bondeni. Mradi wa SMUWC, wa kusimamia ardhioevu ya Usangu na vyanzo vyake vya maji, uliomalizika mwanzoni mwa miaka ya 2000, uliona kwamba sababu kuu ya mto kukauka kiangazi ni maji yanayochepushwa kwenye mifereji ya mashamba, hasa ya mpunga, na kuendelea kuchepushwa hata kiangazi. Baadaye Japhet Kashaigili wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzake waliijenga Ihefu ndani ya kompyuta: kina chake, maji yanayoingia, yanayopaa kwa jua, na kimo ambacho lazima maji yafikie ndipo yaupite ule mwamba. Modeli ikajibu kwamba ili itoke hata nusu mita ya ujazo kwa sekunde kwenda hifadhini, zinahitajika kama mita 7 kuingia kwenye ardhioevu, takriban mara mbili ya zilizokuwa zikiingia kiangazi.

Weka ng'ombe kwenye hesabu hiyo. Tuseme walikuwepo 300,000, na kila mmoja anakunywa lita 25 kwa siku. Ni lita milioni 7.5. Ukizigawa kwa sekunde za siku nzima unapata lita 87 kwa sekunde, yaani mita ya ujazo 0.087. Upungufu wa Ihefu ulikuwa wa mita 3 na zaidi.

Mtu atasema, na ana haki, kwamba ng'ombe hunywa lakini pia hukanyaga, hula matete, hushindilia udongo wa kingo. Modeli ya maji haikuyapima hayo, nami siyafuti. Lakini watu walihamishwa kwa hoja ya maji. Namba za maji zilikuwepo, zilifanywa na Watanzania pamoja na wenzao wa nje, kwa mto wa Tanzania, na hazikusikilizwa. Usangu iliunganishwa na Hifadhi ya Ruaha mwaka 2008, na mto umeendelea kukauka viangazi vilivyofuata.

Boma lililohamwa

Nirudi kwenye boma, kwa kuwa bado kuna kitu pale.

Ukipita Narok au Laikipia wakati nyasi zimekauka, utaona mahali fulani mbugani pamebaki kijani, duara lisilo na miti, na swala pala wamejaa. Wenyeji watakwambia palikuwa boma. Samadi iliyorundikwa pale iliacha fosforasi na kalisi kwenye udongo, nyasi zake ni tamu kuliko za jirani, na wanyamapori wamelijua hilo. Watafiti waliochimba Narok walikuta maeneo ya namna hiyo yaliyoachwa na wafugaji wa kale, mengine karibu miaka 3,700 iliyopita, na rutuba ingalipo.

Kwa hiyo boma lile lile linalotoa oksidi ya nitrasi kwa miaka 40 baada ya kuhamwa hulisha swala kwa miaka elfu tatu. Gesi yake sasa inajulikana na itapewa safu kwenye daftari, kama inavyostahili. Duara la kijani halina safu, na hakuna modeli ninayoifahamu inayojaribu kuviweka viwili hivyo kwenye mizani moja.